Watafiti Waliopita Kwetu: Kutoka Mwalimu Mtoro hadi Chanjo ya Malaria

Ukitaja neno mtafiti hapa Kiwangwa, wengi wanaona gari jeupe, kijana mwenye begi la mgongoni na karatasi za maswali, na sindano ndogo ya kuchoma kidole. Sisi tunaoshona kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata tunawaona wakipita, na wakati wa mananasi wanasimama kununua kama abiria wengine. Hatuwalaumu watu kwa picha hiyo, maana kwa miaka ya karibuni waliokuja zaidi ni hao wa damu na mbu. Lakini wapenzi wasomaji, utafiti katika wilaya hii ya Bagamoyo ulianza zamani sana, na haukuanza na sindano. Ulianza na kalamu, na tena kalamu ya mtu wa hapa hapa.

Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Uzaramo katika karne ya 19, akasoma dini Bagamoyo kwa walimu wa mji, akawa mwalimu mwenyewe. Siku hizo Bagamoyo ndiyo iliyokuwa lango la misafara ya Unyamwezi na Ujiji, na baadaye makao ya kwanza ya serikali ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam. Alikuwapo Mjerumani mmoja, Carl Velten, mkalimani wa serikali, ambaye baadaye alikwenda kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kule Berlin. Velten alitaka maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe. Mwalimu Mtoro akamwandikia.

Aliandika nini? Kila kitu. Mimba na uzazi, mtoto anavyopewa jina, chuo cha Kurani na adabu za mwanafunzi kwa mwalimu wake, unyago na jando, posa na harusi, ngoma na mashindano yake, magonjwa na uganga, pepo, safari za bara, utumwa, mazishi. Sisi mafundi tulivutwa zaidi na anavyoeleza mavazi na mapambo ya wanawake, maana mtu anayeandika habari za nguo bila kuwa fundi mara nyingi anakosea, na huyu mzee hakosei. Anaandika kama anayekaa barazani anamweleza mgeni, bila haraka. Hana zile takwimu za watafiti wa leo. Ila alifanya ambalo kila mtafiti wa jamii anatakiwa kulifanya: aliangalia, aliuliza, alipanga, akaandika.

Kitabu kikatoka Ujerumani mwaka 1903, kikiitwa Desturi za Wasuaheli. Jina lililokaa kwenye jalada lilikuwa la Velten. Velten mwenyewe hakuficha kwamba sehemu kubwa imeandikwa na Mtoro, lakini jalada ni jalada. Hata leo ukitafuta kitabu kile kwa jina la yule mwalimu wa Bagamoyo, katika maktaba nyingine utaambiwa hakipo mpaka useme Velten. Mambo yalibadilika kidogo mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka ikimtaja Mtoro kuwa ndiye mwandishi. Miaka 78 ilikuwa imepita.

Na yeye mwenyewe maisha yake yalikuwa ya kusikitisha. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Huko akaoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi, naye hakukubali kudharauliwa, akaacha kazi. Mwaka 1905 akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Walipofika pwani yetu wakuu wa koloni wakawazuia kushuka pamoja, maana mtu mweusi na mke mzungu mkononi lilikuwa jambo lisilovumilika kwao. Wakageuza, wakarudi Ulaya. Aliishi kwa kufundisha na kutoa mihadhara, Hamburg na Berlin, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeiandika Bagamoyo kuliko yeyote hakuruhusiwa kukanyaga tena udongo wake.

Wakati huohuo, pale misheni iliyojengwa na mapadri wa Kifaransa mwaka 1868, alikuwapo padri Charles Sacleux. Alifika mwaka 1879. Huyu alikuwa na kazi mbili ambazo leo zingekaa katika vitivo viwili tofauti: alikusanya maneno na alikusanya majani. Alizunguka vichaka vya pwani akikausha mimea na kuipeleka Paris, na kuna jamii ya mimea iliyopewa jina lake, Sacleuxia. Na kila mmea aliuliza watu wanauitaje. Kwa hiyo kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyochapishwa kati ya 1939 na 1941 akiwa mzee sana, imejaa majina ya miti, samaki na dawa, pamoja na tofauti za kusema za Unguja, Mombasa, Lamu na kwingineko. Mtu wa lugha anaifungua kutafuta neno, na mtu wa mimea anaifungua kutafuta mti. Tunapenda kumkumbusha mtu yeyote anayesema lugha na sayansi havikai chumba kimoja.

Tuende Kaole, maana wengi wenu wa visiwani mkija Bagamoyo ndiko mnakopelekwa. Mnaonyeshwa misikiti miwili iliyobomoka, makaburi yenye nguzo, na kisima. Mwaka 1958 Neville Chittick, mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika, alichimba pale. Magofu yenyewe ni ya kuanzia karne ya 13. Kazi yake ilikuwa ya makini, hatuibezi. Lakini wataalamu wa zama hizo walikuwa na jibu mfukoni kabla hawajashika koleo: kwamba miji hii ya mawe ililetwa na wageni kutoka ng'ambo, na watu wa bara nyuma yake, yaani sisi wa Kiwangwa, Wakwere na Wazigua na Wadoe, tulikuwa watazamaji tu. Wao walichimba pale penye ukuta. Nani angechimba shamba la mananasi?

Alichimba Felix Chami. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na Chami akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa macho ya mwenyeji. Alitembea pwani na bara yake, kutoka kusini mwa Dar es Salaam hadi huku kwetu, akiangalia vigae vya vyungu vilivyotapakaa juu ya udongo. Kiwangwa imo katika orodha ya sehemu zake. Wilaya ya Kisarawe, mahali paitwapo Limbo, alikuta mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Matokeo yake yalitoka kitabuni mwaka 1994 kule Uppsala, Sweden. Alichosema kwa ufupi ni kwamba kabla ya mawe palikuwa na wakulima na wafua chuma wa Kibantu hapa pwani na nyuma yake, na kwamba miji ilikua kutokana na hao, haikudondoka kutoka jahazini.

Ushahidi wenyewe ni vyungu. Na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana hapa ndipo kazi yetu inapokutana na ya Chami. Fundi akishika nguo ya mtumba anaweza kukwambia imeshonwa wapi, kwa pindo tu. Kila mkono una pindo lake. Wafinyanzi wa kale nao hivyo hivyo. Wale wa mwanzo walikata midomo ya vyungu mshazari na kuchora michirizi chini yake. Wataalamu wanaviita vyungu vya Kwale, kwa jina la mahali kule Kenya vilikotambuliwa kwanza. Karne kadhaa baadaye, kuanzia karne ya 6 hivi, inatokea mitindo ya pembetatu zilizochorwa shingoni mwa chungu na kujazwa mistari. Chungu cha pembetatu kinapatikana bara ya Bagamoyo, kinapatikana visiwani, kinapatikana kaskazini hadi visiwa vya Lamu. Mzanzibari Abdurahman Juma alipochimba Unguja Ukuu, kazi aliyoichapisha mwaka 2004, alikuta vyungu vya jamii hiyo pamoja na vyombo vya kioo na vya udongo mzuri vilivyotoka Uajemi na mbali zaidi. Yaani mpishi wa Unguja Ukuu na mpishi wa huku bara walikuwa na mkono mmoja katika kupamba chungu, ingawa wa Unguja alikuwa na bakuli la kigeni rafuni.

Na nani alikuwa akifinyanga? Pwani yetu kazi ya chungu ni kazi ya wanawake, tangu bibi zetu tunaowakumbuka. Vigae havitii saini, lakini ukituuliza sisi, historia ya kale ya pwani imeandikwa kwa vidole vya kike na kusomwa na wanaume wenye vyeti.

Mwaka 2023 likatokea jambo lililowafanya watu wa historia na watu wa maabara wakae meza moja, wapende wasipende. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, yaani ile DNA, kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, katika miji kama Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda na Faza, na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa viongozi wake ni Mkenya Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyeichimba pwani kwa miaka mingi. Walikuta kwamba watu wale wa mijini, kwa wastani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa nyingine ya Asia, khasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kisha ikaja sehemu ambayo tuliisoma mara mbili. Asili ile ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa mama, na ile ya Kiajemi ilitoka zaidi kwa baba.

Fikirini maana yake. Zile tarikhi za Kilwa na hadithi za Shirazi ambazo wasomi wengine walizifuta kuwa ni majivuno ya watu wa mjini, zilikuwa na ukweli ndani. Na maneno ya Chami, kwamba msingi ni wa hapa, nayo yana ukweli. Mabishano ya miaka sitini yalikuwa yakigombea nani alijenga, huku ndani ya nyumba yupo mwanamke aliyesema Kibantu na watoto wake, akapika kwenye chungu cha pembetatu, akawafundisha lugha yake, na hiyo lugha ndiyo tunayoandikia hapa. Hakuna fani moja ambayo ingeliona hili peke yake. Maabara bila tarikhi isingejua iulize nini, na tarikhi bila maabara ingebaki ikibishaniwa.

Tunayasema haya kwa msisitizo kwa sababu yamekuja nyumbani. Binti wa dada yetu amemaliza kidato cha nne na anataka tahasusi ya HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wajomba wamekuja juu. Wanataka PCB, Fizikia, Kemia na Biolojia, na kama hesabu zinamshinda basi achukue chochote chenye kompyuta. Mjomba mmoja kamuuliza mbele ya watu, "Historia utakula?" Sisi tuliishia sekondari tukaenda kujifunza cherehani, kwa hiyo katika mabaraza ya aina hiyo tunaambiwa tulete chai. Tumeleta chai. Lakini tumeleta na maneno, na haya mnayoyasoma ni sehemu yake.

Wapo watakaosema tunapenda mambo ya kale yasiyolisha. Haya, tuzungumze chakula. Muhogo unaoliwa pwani yote hii una historia ya maabara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Waingereza wakakiendeleza, na mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Storey alieleza kwa mara ya kwanza ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana mazima. Yeye na wenzake wakaanza kuuoza muhogo wa kawaida na jamaa yake wa mwituni, kizazi baada ya kizazi, wapate unaostahimili. Mbegu moja katika hizo Kenya inaitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo wa wenyeji uitwao Namikonga, wakulima wakiusifu kwamba hauozi. Wataalamu walipozipima mbegu hizi mbili kwa vinasaba wakakuta ni kitu kimoja. Mche ulitoka kituoni, ukapita mikononi mwa wakulima, ukapata jina jipya, na karatasi zake zikasahaulika. Na nyinyi Unguja mnayo Kizimbani, kituo kilichotoa jina lake kwa mbegu ya muhogo.

Mwani nao. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, upande wa Paje na Jambiani, mwaka 1989, baada ya watafiti kama Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhangaika na mimea hiyo ya bahari tangu miaka ya 1970. Nyinyi mnayajua kuliko sisi: aina ya spinosam inayoota kwa urahisi na bei yake kiduchu, na kotonii yenye bei nzuri ambayo maji yakipata joto inakufa. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pale Unguja, ndiye aliyekaa na wakulima akitafuta namna ya kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina, yenye baridi, kwa kuitia ndani ya nyavu za mrija. Tatizo likawa jingine kabisa, si la mwani. Wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mtaalamu wa bahari akajikuta anashughulika na boti, na kuogelea, na mume anayeuliza mkewe anakwenda kufanya nini kwenye kina. Huku kwetu Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, wakulima wa mwani nao wamepita katika majaribio ya kamba za kuelea. Kina mama wanatengeneza hadi sabuni.

Sasa turudi kwenye sindano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwapo hapa mradi wa vyandarua wa Bagamoyo, katika vijiji vya Yombo na jirani zake. Waliokuja walikuwa Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Watanzania. Walitaka kujua kama chandarua kilichotiwa dawa kitapunguza malaria, na kama kamati za vijiji zinaweza kukiuza na kukichovya upya. Leo kila mtu ana chandarua, tena vingine tunaviona vimefunika bustani za mchicha, lakini wakati ule lilikuwa jambo geni. Mradi huo ulifanya jambo moja la akili. Uliweka ndani yake watu wa kuchunguza maneno.

Walikaa na kina mama na waganga, wakauliza: mtoto akiwa na joto mnaita nini? Wakakuta kwamba kile ambacho daktari anakiita malaria, watu wa Bagamoyo walikigawa kwa majina mengi. Kulikuwa na homa, kulikuwa na homa ya malaria, ambayo wengi waliiona ya kawaida, unakunywa vidonge inaondoka. Na kulikuwa na degedege. Mtoto anakaza viungo, macho yanapinduka, anatetemeka. Kwa watu wengi degedege haikuwa malaria hata kidogo. Ilikuwa mambo ya shetani, na mahali pake ni kwa mganga. Tena ilisemwa, na sisi tulilisikia hili kwa masikio yetu utotoni, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Kwa hiyo alipelekwa kwa mganga kwanza, na hospitali mwisho, akiwa hoi. Akafa hospitali. Na sindano ikapata lawama tena.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996 katika majarida ya kitaalamu. Tuwaulize wajomba: hapo nani aliokoa mtoto, mtu wa biolojia au mtu wa lugha? Ungeweza kubandika mabango ya kupiga vita malaria kila mwembe wa wilaya hii, mama mwenye mtoto wa degedege angepita asiguswe, kwa sababu bango halimsemi mtoto wake. Ilibidi kwanza mtu asikilize neno. Mwalimu Mtoro angewaelewa haraka sana. Magonjwa na pepo na waganga aliwaandika miaka 90 kabla yao.

Baadaye ikaja taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, ambayo ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi huko Kilombero na sasa inaongozwa na Watanzania. Ikafungua kituo Bagamoyo kando ya hospitali ya wilaya. Chini ya Dk. Salim Abdulla na wenzake wakajaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kwanza kwa watoto wachache kuona kama ni salama. Mwezi Mei 2009 jaribio kubwa likaanza, na lilianzia hapa, Bagamoyo, kabla ya kuenea vituo 11 katika nchi saba za Afrika. Watoto 15,460 kwa jumla.

Lilipoanza, maneno yalikuwa mengi. Neno mumiani halijafa pwani. Wazee wetu walilitumia kwa watu waliodaiwa kuwinda binadamu usiku na kunyonya damu kutengeneza dawa. Enzi za ukoloni walitajwa wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hii Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2000, na hoja yake tunaiona nzuri: badala ya kucheka, uliza watu walikuwa wanaogopa nini kwa kweli. Walikuwa wanaogopa serikali inayochukua na hairudishi. Mtu akija na kichupa anataka damu ya mwanao, na babu yako alitozwa kodi ya kichwa na kupelekwa mashamba ya mkonge, utaogopa nini tena?

Wakafanya mikutano. Kila mzazi alielezwa kwa Kiswahili na kuweka sahihi au dole gumba. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika jaribio kama hilo nusu au theluthi ya watoto hawapati chanjo inayopimwa, ili ijulikane tofauti, na mzazi hajui wake yuko upande gani, wala daktari hajui. Wale wa upande wa pili hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga chanjo ya aina moja ya uti wa mgongo. Hebu jaribu kumweleza mama wa kijijini mambo haya kwa Kiswahili kinachoeleweka, asidhani unamchezea bahati nasibu na mwanawe. Anayeweza kulieleza hilo lazima aijue lugha vizuri, na aijue sayansi kiasi cha kutosha.

Chanjo ile haikuwa ya miujiza. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza kuugua malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Lakini kwa ugonjwa unaoua watoto kwa malaki, hiyo si kidogo. Mwaka 2019 ikaanza kutolewa katika huduma za kawaida kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Ya pili, R21, ikapendekezwa Oktoba 2023, na Bagamoyo ilikuwamo tena miongoni mwa vituo vitano vilivyoijaribu, pamoja na Kilifi na vya Mali na Burkina Faso.

Mmeona nchi tatu zile za 2019? Tanzania haikuwemo. Mtoto wa kwanza wa jaribio kubwa alichomwa Bagamoyo, na miaka kumi baadaye waliopata kliniki ya kawaida walikuwa wa Malawi. Zipo sababu za kupanga na za kuomba, nchi huomba zenyewe, hatusemi kuna hila. Tunasema tu kwamba kina mama waliobeba watoto mgongoni kwenda kupimwa kwa miaka mitano wanastahili kuelezwa hayo kwa mdomo, pale pale walipowekea dole gumba.

Tumemuuliza binti yetu angependa kufanya utafiti gani kama mambo yakienda sawa. Akasema anataka kurekodi majina ya Kikwere ya miti ya msitu wa Kiwangwa kabla bibi yake hajayasahau, na kila jina alipigie picha ya jani lake. Tumemkatia daftari la jalada gumu, tukalishonea mfuko wa kitenge chenye zipu, maana msituni kuna umande. Jumamosi ameondoka na bibi alfajiri, wakarudi saa tano na majina kumi na tisa. Mawili bibi anagombana nayo bado.